Nyumba ya Mgeni na Uso wa Nchi

Zamani mgeni alipobisha hodi kijijini hakuuliza nyumba ya wageni iko wapi. Nyumba ya mwenyeji ndiyo iliyokuwa nyumba ya wageni. Alipewa kigoda, akaletewa maji, na usiku ulipoingia alitandikiwa pamoja na vijana wa nyumbani. Siku ya tatu, kama walivyosema wahenga, alipewa jembe. Siku hizi mambo yamegeuka. Wageni ni wengi, watoka mbali, wengine ng'ambo, wala hawawezi wote kulala nyumbani kwa mtu. Kwa hiyo zajengwa nyumba za kulaza wageni: katika milima ya Usambara, kando ya maziwa, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, karibu na mbuga za wanyama, na pwani yote toka Lamu hata Mtwara. Tena si matajiri peke yao wanaozijenga. Jamaa wengi wenye shamba mahali panapopendeza hujiuliza kama haifai wajenge vyumba vitatu au vinne, wapate ada ya shule ya watoto.

Katika kujenga huko liko neno ambalo wasanifu wa majengo hulitaja kila mara, kwamba nyumba ya wageni iliyo shambani au porini yapasa ipatane na mahali ilipo. Isichomoze kama jino bovu kinywani, bali ifichame katika miti, mawe na udongo wa nchi ile. Neno hilo ni zuri, nasi hatulipingi. Lakini leo, wapenzi wasomaji, twataka kuuliza jambo lililo ndani yake, maana ni jambo la haki wala si la ufundi tu. Kupatana na mahali maana yake ni nini? Je, yatosha nyumba isionekane kwa mbali? Au nyumba yaweza kufichama vizuri machoni, na huku ikamdhulumu jirani?

Wazee walijengaje?

Tuanze na wazee wetu, maana wao walipatana na nchi kabla neno hilo halijaandikwa vitabuni. Mgogo alijenga tembe: nyumba fupi, paa lake tambarare la miti na udongo, imeuzunguka ua wa ng'ombe. Ukiwa mbali katika nyanda zile kavu ungeweza kudhani kwamba ni ardhi yenyewe iliyoinuka kidogo. Mchaga alijenga msonge, nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba hata karibu na ardhi, watu na mifugo wakikaa ndani pamoja wasiumizwe na baridi ya mlima. Watu wa Lamu na Unguja walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Vyumba vyao ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa, na njia zao ni nyembamba ili ukuta wa huyu umtilie kivuli jirani yake.

Je, hao walikusudia nyumba zao zifichame? Hata kidogo. Mgogo hakujenga tembe ili apendeze macho ya mpita njia. Alijenga hivyo kwa kuwa nchi yake ina upepo mkali, mvua chache, na haina nyasi ndefu za kuezekea. Alimtii bwana wake, yaani nchi, na katika kutii huko uzuri ukaja wenyewe, kama vile afya inavyomjia mtu anayekula na kufanya kazi kwa kiasi. Hapa twapata neno la kwanza: kupatana na mahali ni tunda la utii, si rangi ya kupakwa. Anayelitafuta tunda bila kuupanda mti atapata karatasi iliyochorwa tunda.

Nyumba hizo zilifaa wageni pia. Kwihara, karibu na Tabora, lilikuwapo tembe ambalo Stanley alikaa mwaka 1871, na mwaka 1872 Livingstone akakaa humo miezi kadhaa akingoja wapagazi na vifaa, hata alipoondoka mwezi wa Agosti. Mtu yule alikuwa mgonjwa na amechoka. Kuta nene za udongo zilimkinga na jua la Unyamwezi, na baraza likampa mahali pa kuandika. Hakuna aliyemjengea kwa sababu alitoka Ulaya. Alikaribishwa katika nyumba ambayo wenyeji wangeikaa wao wenyewe.

Amri za nchi

Anayetaka kujenga leo hana budi kujifunza amri hizo za nchi, nazo si ngumu. Nchi yetu i karibu na mstari wa ikweta, na jua la mchana hupita juu ya kichwa. Linaloingia chumbani na kuchoma ni lile la asubuhi na la jioni, lililo chini, ambalo hata upenu mpana hauwezi kulizuia. Kwa hiyo kuta ndefu za nyumba zielekee kaskazini na kusini, na kuta fupi zielekee mashariki na magharibi. Pwani tuna pepo mbili, kaskazi na kusi, na mjenzi mwenye akili huweka madirisha yakabiliane ili upepo uingie huku na kutoka kule, asihitaji mashine ya kupoza hewa. Bara, ambako usiku ni baridi na mchana ni joto, ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole na kulitoa polepole.

Mlimani yafaa nyumba ifuate mteremko, kama matuta ya shamba yanavyoufuata. Anayeuchimba mlima ili apate kiwanja tambarare cha jumba kubwa moja huacha kidonda ambacho mvua ya masika itakipanua kila mwaka. Afadhali vyumba vidogo vilivyotawanyika, kila kimoja juu ya nguzo au ngazi yake, na miti ya zamani ikabaki katikati. Paa la nyasi nalo lina amri yake: lisipokuwa na mwinamo mkali, yapata digrii 45, maji hukaa ndani ya nyasi na kuziozesha. Pwani vivyo hivyo kwa makuti. Na paa la namna hiyo huogopa moto, hivyo jiko likae mbali.

Iko mifano mizuri ya watu waliozitii amri hizo. Katika Serengeti hoteli za Seronera na Lobo zilijengwa katikati ya majabali. Mwamba haukupasuliwa ili kuipisha nyumba, bali nyumba iliuzunguka mwamba. Huko Sri Lanka, msanifu Geoffrey Bawa, aliyefariki mwaka 2003, aliombwa kujenga hoteli karibu na jabali maarufu la Sigiriya. Alikataa kiwanja kile cha karibu, akachagua genge la mawe kando ya ziwa la kale la Kandalama, ambako Sigiriya huonekana kwa mbali tu, ng'ambo ya maji. Hoteli ikamalizika katika miaka ya 1990. Ni ndefu mno, imelala ubavuni mwa genge, na mimea imeifunika kiasi kwamba nyani hupita barazani kama msituni. Tunalosifu zaidi ya mimea ni kule kukataa kiwanja cha kwanza. Kitu cha thamani machoni pa wenyeji hakifai kusogelewa na vyumba vya kulala, hata kama mgeni yuko tayari kulipa.

Walakini hata hapo yapasa tuseme kweli yote. Habari za ujenzi ule zilipotangazwa, watu wengi wa Sri Lanka, pamoja na watawa wa dini ya Buddha, waliupinga. Walihofia maji ya ziwa yatachafuka na desturi za vijiji zitaharibika. Wasanifu waliitazama michoro wakaona uzuri, na wanakijiji walilitazama ziwa wakaona maji yao ya kunywa na ya mpunga. Wote wawili walikuwa wakitazama mahali pamoja.

Nyumba iliyojificha

Hapo ndipo swali letu linapokaza. Mtu anayejificha aweza kujificha kwa adabu, kama mwali mbele ya wakwe. Aweza pia kujificha kwa hila, kama mwizi nyuma ya mgomba. Kufichama peke yake si fadhila. Yafaa tuulize nyumba inajificha kwa nini.

Twakumbuka Treetops, nyumba ya wageni iliyojengwa mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo karibu na Nyeri, Kenya. Ilichomwa moto mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, ikajengwa upya mwaka 1957. Wengi waijua kwa sababu binti mfalme Elizabeth alilala huko usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki, naye akawa malkia. Hakuna nyumba iliyojificha kuliko ile: ilikaa ndani ya mti! Lakini ili mgeni aone tembo bila kutoka barazani, wanyama walivutwa kwa maji na chumvi mbele ya nyumba. Wakaja wengi kupita kiasi, na miti ya karibu ikaliwa na kuangushwa. Nyumba iliyofichwa na msitu ikaupunguza msitu uliokuwa ukiificha.

Liko na jambo zito zaidi. Tunaposema mandhari ya asili, mara nyingi twawaza nchi isiyo na watu. Lakini nchi nyingi tuzitazamazo na kusema, "Tazama jinsi Mungu alivyoiumba," zimepitiwa na mikono ya watu karne nyingi. Kijani cha Kilimanjaro si msitu mtupu, ni vihamba, migomba na kahawa, vilivyonyweshwa na mifongo ambayo wazee waliichimba na kuigawana kwa zamu. Nyanda za nyasi zilichungwa na wafugaji. Mwaka 1959 eneo la Ngorongoro lilitengwa na Hifadhi ya Serengeti, na Wamaasai wakaondolewa katika nyanda za Serengeti. Hatuandiki haya ili tuamue leo shauri la hifadhi, kwani lina pande nyingi, na wanyama nao wana haki ya kuhurumiwa. Twasema hili tu: anayejenga nyumba ipatane na nchi, na huku akamfuta mwenye nchi katika picha, hakupatana na mahali. Amepatana na ndoto yake mwenyewe.

Nyasi au bati?

Sasa tumsikilize anayepinga, maana hoja yake ina nguvu. Tumwazie baba mmoja mwenye shamba penye mandhari nzuri, ambaye fundi amemshauri kuezeka vyumba vya wageni kwa nyasi na kupiga kuta kwa udongo. Kijana wake amtazama na kusema: "Baba, babu aliishi chini ya nyasi zinazovuja, nawe ulihangaika miaka kumi mpaka ukapata bati. Watu walitusifu siku ile. Leo wataka turudi kwenye nyasi ili mgeni afurahi? Yeye kwao analala kwenye nyumba ya saruji. Mbona sisi tuwe picha yake?"

Kijana huyo hana utovu wa adabu. Anasema neno la haki. Kwa mtu wa mjini nyasi ni uzuri, na kwa mtu aliyezifumua na kuziezeka kila baada ya miaka michache ni kazi, ni nyoka na panya, ni usiku wa kuhamisha kitanda mvua inaponyesha. Si haki kumwambia maskini abaki maskini ili nchi ipendeze. Wala si haki mgeni apate chumba cha udongo chenye bafu, taa na godoro, akakiita maisha ya asili, hali wenyeji walio nyuma ya kilima wana udongo bila bafu, bila taa, na bila godoro.

Msanifu mkubwa wa Misri, Hassan Fathy, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1989, alilipata somo hili kwa uchungu. Katika miaka ya 1940 alijenga kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor, kwa matofali mabichi ya udongo, kwa ufundi wa waashi wa Kinubi wanaojenga kuba bila miti. Nyumba zilikuwa za gharama ndogo, za ubaridi, na za kupendeza. Zilikusudiwa watu waliokaa juu ya makaburi ya kale, ambao serikali ilitaka kuwahamisha. Wengi wao wakakataa kuhama, kwa kuwa riziki yao ilikuwa kule kwenye makaburi, na kazi ikakoma kabla ya kijiji kumalizika. Dunia nzima ilimsifu Fathy, na hata leo anasifiwa kwa haki. Lakini nyumba iliyopatana na udongo, jua na upepo haikuwa imepatana kwanza na shauri la wakaaji.

Je, basi, hoja ya kijana imeshinda, na nchi yote ifunikwe bati na saruji? La, hasha. Yuko msanifu mwingine, Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alipokuwa masomoni Ujerumani alichangisha fedha ili akijengee kijiji chake shule, nayo ikamalizika mwaka 2001. Alipowaambia wanakijiji kwamba ataijenga kwa udongo, walisitasita, kama kijana wetu, maana waliujua udongo unavyomomonyoka kwa mvua. Yeye hakuwadharau wala hakuwalazimisha. Aliwaonyesha jinsi udongo uliotiwa saruji kidogo na kushindiliwa unavyostahimili, na wao wenyewe wakaijenga, wanaume na wanawake. Na paa je? Ni bati! Lakini bati lile limeinuliwa juu, mbali na dari, upepo hupita katikati na kuliondoa joto, na upenu wake mpana huukinga ukuta wa udongo na mvua. Mwaka 2022 Kéré alipewa nishani ya Pritzker, iliyo kubwa kwa wasanifu, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Tazameni, ndugu, jinsi ugomvi wa nyasi na bati ulivyokwisha. Swali halikuwa nyasi au bati. Swali lilikuwa kama nyumba itawafaa watu wale, mahali pale, kwa akili na mikono yao. Hata sisi tunazo mashine za mkono za kushindilia matofali ya udongo wenye saruji kidogo, yasiyochomwa, hivyo hayali kuni. Maana ni lazima tukumbuke kwamba tofali jekundu tulisifulo limepikwa kwa miti, na nyumba iliyojengwa ipendeze karibu na msitu yaweza kuwa imeula msitu huo tanurini. Basi baba amjibu kijana wake hivi: "Mwanangu, umesema vema. Hatutamjengea mgeni nyumba ambayo sisi tungeona haya kuilalia. Tutajenga nyumba ambayo tungeitaka wenyewe, na tukiisha kujifunza kuijenga, ya pili itakuwa ya mama yako."

Maji, njia na usiku

Baada ya kuta na paa tufike kwenye mambo yasiyoonekana katika picha. La kwanza ni maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100, mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, laweza kukinga lita 100,000, tukiacha zinazopotea. Ni nyingi, nazo hazimnyimi mtu. Lakini tuseme wageni sita watumia kila mmoja lita 150 kwa siku, kwa kuoga, kufua na kuvuta choo. Hizo ni lita 900 kila siku, yaani ndoo 45 za lita 20, na akiba yote ya paa itakwisha kwa siku 111. Baada ya hapo maji yatatoka wapi? Kama yatavutwa kwa pampu kutoka chemchemi ya kijiji, ndoo zile 45 ziko kichwani mwa akina mama watakaotembea mbali zaidi. Ukuta wa udongo hauwezi kuisafisha dhuluma hiyo.

Si lazima iwe hivyo. Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ambacho matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, vilijengwa vibanda saba tu vya wageni. Hakuna maji baridi kisiwani, hivyo mapaa ya makuti yalifanywa mapana ili yakinge mvua, maji yachujwe na kuwekwa katika birika chini ya nyumba. Vyoo havitumii maji bali hugeuza uchafu kuwa mbolea, ili taka isishukie matumbawe. Mpimaji wa hapo hakuanza kwa kuuliza wageni wangapi watalipa. Aliuliza kisiwa chaweza kubeba wangapi. Neno "saba" pale lina maana kuliko mapaa yote ya makuti.

La pili ni njia. Mara nyingi mahali pazuri ndipo njia ya watoto ipitapo kwenda shule, ya ng'ombe kwenda mtoni, au ya wavuvi kwenda pwani. Uzio wa miiba hupatana sana na pori, lakini ukiikata njia ya watu, ni kizuizi vilevile kama ukuta wa saruji. La tatu ni nyasi zenyewe. Hoteli kubwa ikinunua nyasi zote za kuezekea na boriti zote za mikoko, jirani hapati za kwake, na mikoko ikiisha samaki hukosa mahali pa kuzalia. La nne ni usiku. Usiku nao ni sehemu ya mandhari. Pwani, vitoto vya kasa vinapoanguliwa hufuata mwanga ulio upande wa bahari, na taa kali za ufukweni huvipoteza njia vikaelekea nchi kavu na kufa. Nyumba isiyoonekana mchana na kung'aa usiku kucha imejificha nusu tu.

Kanuni ya kale

Katika jambo hili la wageni iko kanuni ya kale ambayo wajenzi wa nyumba za watawa, hata wale wa Peramiho na Ndanda, waliirithi: Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6. Sura ya 53 yahusu wageni. Mambo mawili ndani yake hutufaa hata katika ujenzi. Kwanza, ataka jiko la wageni liwe mbali, ili wageni wanaofika saa yoyote wasiwasumbue wenyeji. Yaani mgeni apokewe kwa heshima kuu, lakini maisha ya nyumba yasivunjike kwa ajili yake. Pili, aagiza maskini na wasafiri waangaliwe zaidi, akieleza kwamba tajiri huheshimiwa bila kuamrishwa, kwa sababu watu humwogopa. Mtu aliyeandika hivyo aliijua mioyo ya wanadamu vizuri. Pesa ya mgeni tajiri hupaza sauti yenyewe. Ni jirani maskini anayehitaji kanuni ya kumsemea.

Basi tulijibu swali letu. Kupatana na mahali si kufichama. Mahali ni mawe, miti, upepo na maji, na pia ni watu walio hai, wafu wao waliozikwa pale, njia zao, na kazi zao. Nyumba hupatana na mahali ikiwa mahali hapo patakuwa na uhai zaidi, au angalau si pungufu, kwa sababu ya nyumba hiyo kuwapo. Uzuri wake ni ushahidi mzuri, lakini ushahidi peke yake hautoi hukumu. Ikiwa nzuri na ya dhuluma, uzuri wake ni pazia.

Kwa jamaa wanaofikiri kujenga, twashauri wafanye jambo moja kabla ya kumwita fundi. Wakae kiwanjani siku nzima, toka alfajiri hata usiku, wasifanye chochote. Waone jua laingia wapi na upepo watoka wapi. Waone mvua ikinyesha maji yapita wapi. Kisha wahesabu watu wapitao hapo: nani amebeba ndoo, nani anachunga, nani anakwenda shule, bibi gani anakuja kuchuma dawa katika kichaka kile ambacho wao walidhani hakina mwenyewe. Waende kwa kila mmoja wamwambie, "Tunataka kujenga hapa, wewe waonaje?" Wakifanya hivyo, ramani ya nyumba itakuwa karibu imekwisha kuchorwa, na fundi atabakiwa na kazi ya kuweka vipimo.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mgeni aje ili mwenyeji ahame, wala ili mwenyeji ajifiche nyuma ya mti asiiharibu picha. Mgeni akilala vizuri katika nyumba ya udongo, akaamka akaona mlima, na huku mama wa jirani amechota maji yake bila kutembea mbali kuliko jana, hapo nyumba imepatana na nchi. Na ikiwa paa lake ni bati, na lang'aa kidogo juani, nchi italisamehe.